Farasi Mweusi wa Bi Zamda

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, maana kwetu woga ulipigwa marufuku na wote waliokuwa nao walishakamatwa. Silitaji kwa sababu jina lenyewe liko kwenye ukarabati, na tumeombwa tuwe wavumilivu, tutumie neno "hapa" mpaka kazi itakapokamilika.

Basi, hapa paliishi mwalimu wa jiografia aitwaye Nuhu Lukindo, na mwanamke muuza vipuri vya baiskeli aitwaye Bi Zamda Kilungi. Kila Alhamisi jioni walikutana kwenye klabu ya sataranji, yaani chumba kilichokuwa nyuma ya duka la kinyozi, wakacheza mpaka mwanga ulipowaishia. Hawakuwa wachezaji wakubwa. Mwalimu alikuwa na tamaa: akiona askari wa bure pembeni mwa ubao, humtuma malkia wake mbio akamle, hata kama huku nyuma mfalme yuko taabani. Bi Zamda naye alisahau kete zake ubaoni kama watu wanavyosahau miavuli kwa jirani.

"Mwalimu, huyu askofu wangu si ulishamla?"

"Yule mwingine, Dada Zamda. Huyu ndiye namla sasa."

"Ewe Mola! Sasa mbona huniambii?"

"Nikuambie mimi, kwani mimi mjomba wake?"

Wakicheka hivyo, kinyozi alikuja kuwaomba wapunguze sauti kwa kuwa mkono wake ulitetemeka akiwa na wembe. Aliyeshindwa alisema mwenyewe "nimeshindwa," akainuka kuchemsha chai. Urafiki wao ulikuwa huo, wala hawakujua kwamba una kasoro yoyote.

Wakati huo serikali haikuwa na habari na sataranji. Kisha mgeni mmoja wa heshima akamletea Mlezi Mkuu wa Nchi zawadi ya ubao na kete zake. Mlezi Mkuu akaelezwa kwamba katika mchezo huu yupo mfalme mmoja, anasogea kidogo kidogo, hafanyi kazi kubwa, na wengine wote wapo ili wafe kwa niaba yake. Alifurahi mno. Alisema hajapata kuona mchezo unaoelewa utawala bora kiasi hicho. Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Michezo ya Kukaa, akateuliwa kuiongoza Mheshimiwa Dakta Kasimba Majigambo, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima na heshima yake ilikuwa ya kuteuliwa.

Jambo moja tu lilibaki: nani atamwambia Mlezi Mkuu jinsi mchezo unavyokwisha? Baraza la Mawaziri lilisukumiana kazi hiyo msimu mzima. Hatimaye aliambiwa na mpishi, kwa bahati mbaya, kwamba mfalme huzingirwa akakosa pa kukimbilia. Mlezi Mkuu alipata homa. Mpishi alipata uhamisho. Na mchezo ukapata marekebisho.

Mfalme mweupe akaanza kuitwa Mheshimiwa. Kete nyeusi zikaitwa "wenzetu wenye mawazo tofauti." Mchezaji mweusi akitaka kumtishia mfalme mweupe, alitakiwa kwanza aseme, "Samahani kwa usumbufu." Ila sheria ya kumkataza mweupe asishindwe haikutungwa kamwe, na watu wanaosema ilitungwa wanatupaka matope. Waziri mwenyewe alilifafanua hilo redioni: "Hii ni nchi ya demokrasia. Mweupe ana haki kamili ya kushindwa. Ni vile tu bado hajaamua kuitumia."

Likatangazwa shindano la Kombe la Mlezi Mkuu. Mshindi angetangazwa Bingwa wa Taifa, na mahali pake pa kazi pangepewa kitu kimoja panachokikosa. Mwalimu Nuhu aliposikia hivyo alitazama juu, akaona mawingu. Alikuwa darasani. Shule yake ilikosa vitu vingi, lakini paa ndilo lililokosekana waziwazi zaidi. Wakati wa masika alifundisha habari za mvua huku wanafunzi wakizishika kwa mikono.

Wachezaji wazuri wa nchi nzima walijiandikisha. Kisha kura za rangi zikaanza kupigwa, na kila aliyeangukiwa na kete nyeusi akaugua. Mabingwa wa mikoa walishikwa na tumbo, jino, mgongo. Mmoja alifiwa na bibi yake, halafu akafiwa naye tena. Waliobakia walitoana wenyewe kwa wenyewe, hadi ikafika fainali, na waliokuwa bado na afya njema ni Mwalimu Nuhu na Bi Zamda tu, kwa kuwa hawakuwa na mtu wa kuwashauri waugue.

Sarafu ikarushwa. Mwalimu akapata nyeupe.

Siku ya fainali walikaa kwenye benchi nje ya Ukumbi wa Maridhiano wakisubiri kuitwa. Bi Zamda alikuwa amevaa kitenge kipya, vidole vyake bado vina weusi wa grisi ya minyororo ambao hautoki hata kwa sabuni.

"Mwalimu," akasema, "tucheze kama Alhamisi."

"Kama Alhamisi, Dada. Usinionee huruma."

"Nikuonee huruma nini? Na mimi nataka kombe. Tangu marehemu mume wangu aondoke, hakuna aliyenipigia makofi kwa lolote."

Wakashikana mikono kabla ya kuingia, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

Ndani, Waziri alitoa hotuba fupi iliyochukua asubuhi yote. Alisema sataranji ilibuniwa na mababu zetu, ikaibwa, na sasa imerejeshwa ikiwa imechakaa, ndiyo maana ikabidi ifanyiwe matengenezo. Alisema ubao una weupe na weusi, na kwamba huo ni uthibitisho wa uvumilivu wa serikali. Watu walipiga makofi kila alipomeza mate. Mtangazaji wa redio alikaa kando akiutangazia umma moja kwa moja, na ilisemekana Mlezi Mkuu mwenyewe anasikiliza akiwa amejifunika blanketi.

Mchezo ukaanza. Ulikuwa mchezo wa kawaida kabisa wa watu wawili wa klabu. Bi Zamda, kama kawaida yake, alimsahau askofu mmoja, Mwalimu akamla, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mwalimu akajisikia vizuri. Akamficha mfalme wake pembeni, nyuma ya askari wake, akamweka na ngome ubavuni ili awe salama zaidi. Kisha akaona askari mweusi wa bure kule upande wa pili wa ubao. Mkono ukamwasha. Akamtuma malkia.

Alipoinua macho alimwona Bi Zamda ameacha kupumua.

Ndipo Mwalimu naye akaona. Mfalme wake mweupe alikuwa amekaa kwenye pembe, mbele yake askari wake mwenyewe, ubavuni ngome yake mwenyewe. Walinzi wamemzunguka kila upande, wamembana hata hana pa kusogeza mguu. Na farasi mweusi wa Bi Zamda alikuwa amesimama mahali ambapo kwa mruko mmoja angemtishia. Farasi huruka juu ya vichwa vya wengine. Hakuna mlinzi wa kumzuia. Mruko mmoja, mchezo umekwisha.

Zamu ilikuwa ya Bi Zamda. Alitabasamu tabasamu la Alhamisi, akainua mkono, akasafisha koo.

"Samahani kwa usu—"

Mshauri wa Waziri, mtu pekee wizarani aliyejua jinsi farasi anavyotembea, alimnong'oneza bosi wake neno moja. Waziri alisimama kwa kasi hata kiti kikaanguka.

"Chai!" akapiga kelele. "Ndugu wananchi, ni muda wa chai!"

"Mheshimiwa, bado mruko mmoja tu," akasema Bi Zamda.

"Mama, unataka Taifa lisinywe chai?"

Bila shaka hakutaka. Watu wote wakatoka nje, kwenye maandazi. Mwalimu alikuwa wa mwisho. Alipofika mlangoni aligeuka, wala hajui kwa nini aligeuka, akamwona mshauri ameinama juu ya meza yao, kisha akamwona akiingiza mkono katika mfuko wa koti. Macho yao yakakutana. Mshauri alimsalimia kwa kichwa, kwa heshima kubwa, kama watu wanavyomsalimia mtu ambaye tayari ni mwenzao.

Mwalimu akaenda akala andazi. Angeweza kurudi. Angeweza kusema "wewe!" tu, neno ambalo kila siku aliwaambia watoto darasani. Alikula andazi la pili.

Waliporudi, farasi mweusi hakuwepo.

"Farasi wangu yuko wapi?" akauliza Bi Zamda. Akachungulia chini ya meza, akainua pindo la kitambaa, akatazama hata kwenye mkoba wake mwenyewe, maana alijijua kwa kusahau. "Mheshimiwa, hapa palikuwa na farasi."

"Farasi gani?" akauliza Waziri.

"Mweusi. Alikuwa amesimama hapa. Watu wote wamemwona."

Waziri aliwageukia watu wote. Watu wote walitazama viatu vyao, na siku hiyo viatu vilikuwa vizuri kuliko kawaida. Hata mtangazaji wa redio, aliyekuwa amemtaja farasi huyo kwa sauti mara kadhaa kabla ya chai, aliwawekea wasikilizaji muziki.

"Ndugu wananchi," Waziri akaanza, sauti imejaa uchungu, "serikali yenu imepambana na wafanyakazi hewa. Imepambana na wanafunzi hewa, na zahanati hewa, na madaraja hewa, mengine nikiwa nimeyafungua mimi mwenyewe. Leo, mbele ya macho yangu, naletewa farasi hewa!" Akasubiri makofi, akayapata. "Lakini sisi hatumwonei mtu. Hapa yupo msomi, mwalimu wa watoto wetu, naye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote. Mwalimu Lukindo, liambie Taifa. Palikuwa na farasi?"

Bi Zamda alishusha pumzi. Alitulia kabisa, kama mtu aliyesikia kwamba shahidi wake amefika. Akamgeukia Mwalimu.

Mwalimu aliutazama ubao. Aliuona ule mraba mtupu ambapo farasi alikuwa amesimama. Aliyaona mabati ya paa la darasa lake. Alisema baadaye kwamba aliyaona kweli, mapya, yanang'aa, na watoto chini yake wakavu. Alimwona pia yule mshauri akiwa ameweka mkono juu ya mfuko wa koti.

"Sikumbuki vizuri, Mheshimiwa," akasema.

Ukumbi ukasimama kumshangilia. Bi Zamda aliendelea kumtazama Mwalimu kidogo, kama mtu anayesubiri sentensi ifike mwisho, kisha akageukia kete zilizobaki na kucheza. Hakukubali kusalimu amri. Alimlazimisha Mwalimu amshinde hatua kwa hatua, kete baada ya kete, mchana kutwa, na Mwalimu akafanya hivyo, masikio yakimwaka moto. Mfalme mweusi alipokosa pa kwenda, Bi Zamda alimpa mkono.

"Hongera, Mwalimu," akasema. Alisema vizuri tu, bila kejeli, na Mwalimu angefurahi zaidi kama angemtemea mate.

Jukwaani, Waziri alimvisha kombe shingoni, kwa kuwa lilitengenezwa na mtu aliyedhani ameagizwa medali. "Kuanzia leo," akamwambia, "wewe ni Bingwa wa Taifa, yaani mali ya umma. Ukishindwa na mtu yeyote, popote, itahesabika umeharibu mali ya umma. Hongera sana."

Nyumbani, mkewe, Mama Subira, alimwandalia chakula bila kumtazama. Redio ilikuwa juu ya kabati.

"Mbona kimya, mke wangu? Hujasikia nimeshinda?"

"Nimesikia yote. Nimemsikia mtangazaji akisema farasi mweusi anakaribia. Halafu nimesikia chai. Halafu nimekusikia wewe." Akafunika sufuria. "Kula, chakula kinapoa."

Hakurudia tena habari hiyo, na kimya chake kikawa kitu cha kuishi nacho ndani ya nyumba.

Bi Zamda alishughulikiwa kwa kufuata haki. Tume iliyoundwa ilisema: ikiwa farasi hakuwepo, mama huyu amelidanganya Taifa, na ikiwa alikuwepo, mama huyu amepoteza mali ya serikali. Ili asionewe, akapewa hatia zote mbili. Duka lake la vipuri likafungwa mpaka farasi apatikane, na mtendaji wa kata, Bwana Shingwa, akapangiwa kukaa kibarazani kwake kumsubiri farasi huyo. Alipewa kamba ya kumfungia na mzigo wa majani, kwa sababu aliyetoa maagizo hakuwahi kucheza sataranji. Bwana Shingwa hakuwa mtu mbaya. Alikaa, akasubiri, majani yakakauka, akaletewa mengine.

Mabati nayo yalifika shuleni. Yalitosha nusu ya darasa, na juu yake iliandikwa PAA HILI NI USHINDI, herufi kubwa zinazosomeka ukiwa kwenye ndege. Siku ya kuzindua, Mwalimu alipewa kipaza sauti atoe shukrani. Alikuwa hajalala vizuri tangu fainali. Aliwatazama wanafunzi wake, nusu kivulini, nusu juani, akasikia mdomo wake unasema:

"Farasi alikuwepo."

Moyo wake ulikuwa mwepesi. "Farasi alikuwepo," akarudia. "Nilimwona. Bi Zamda alikuwa ameshinda."

Waziri aliangua kicheko, akamkumbatia. "Mnaona unyenyekevu?" akauuliza umati. "Mnaona bingwa wa kweli asiyejikweza? Anamsitiri hata mpinzani wake!" Watu wakalia kwa kuguswa. Jioni redio ikatangaza kwamba Bingwa wa Taifa amewataka vijana wawe wanyenyekevu na wapende wanyama.

Mwalimu alielewa kwamba ukweli wake ulikuwa umechelewa, na kwamba sasa ungeliwa kama andazi popote atakapoutoa. Pia alielewa jambo baya zaidi. Alikuwa amewaambia watu wote isipokuwa yule mmoja. Tangu fainali, alipotoka shuleni alizunguka kwa njia ndefu ya sokoni ili asipite mbele ya nyumba ya Bi Zamda.

Alhamisi iliyofuata akapita njia fupi.

Bwana Shingwa alimkaribisha kwa heshima, akasogeza mzigo wa majani apite. Bi Zamda alikuwa sebuleni akiviringisha uzi. Alikuwa amekonda. Vidole vyake vilikuwa safi kabisa, na usafi huo ulimchoma Mwalimu kuliko kukonda kwake.

"Dada Zamda, hodi."

"Karibu, Mwalimu. Kaa."

"Nimekuja kusema..."

"Nimesikia redioni. Niwapende wanyama." Akaweka uzi pembeni. "Umekuja kuongea au umekuja kucheza?"

Ubao ukatandikwa. Hakuna aliyetania. Mwalimu alicheza kwa akili yake yote, kwa kuwa kumpa ushindi kungekuwa tusi jingine, na Bi Zamda alicheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza. Hakusahau kete hata moja, kama mtu aliyejifunza kwamba kitu ukikiacha mezani hakirudi. Mfalme wa Mwalimu alikimbia, akakimbia, akakwama.

Mwalimu aliinuka. Alikwenda hadi dirishani, lililokuwa wazi juu ya kichwa cha Bwana Shingwa, akajaza pumzi kifuani.

"Nimeshindwa!" akapaza sauti. "Mimi, Nuhu Lukindo, nimeshindwa na Bi Zamda Kilungi! Na siku ile pia nilikuwa nimeshindwa!"

Mpita njia akasimamisha baiskeli. Mlango wa jirani ukafunguka. Bwana Shingwa aliingia ndani kamba ikiwa bado mkononi, uso umemwishia damu.

"Bingwa, tafadhali," akasema kwa kunong'ona. "Sikusikia vizuri. Niambie kwamba sikusikia vizuri."

Nje Mwalimu alisikia watu wakikusanyika. Alimkumbuka mpishi wa Mlezi Mkuu, ambaye hakuna aliyejua alihamishiwa wapi. Akashika ukingo wa dirisha.

Bwana Shingwa akamgeukia mwenye nyumba. Alikuwa karibu kulia. "Mama, wewe ndiye uliyekuwa naye. Ukisema hakusema, basi hakusema, na mimi narudi kukaa kibarazani. Ukisema amesema, itabidi niondoke naye. Umesikia nini?"

Bi Zamda alimtazama Mwalimu, naye Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu fainali, akamtazama machoni. Hakujua macho yake mwenyewe yanasema nini mpaka alipoona jinsi yanavyosomwa.

"Nimesikia," Bi Zamda akasema taratibu. "Amesema ameshindwa. Na ni kweli ameshindwa."

Bwana Shingwa akainamisha kichwa. Hakuifunga ile kamba mikononi mwa Mwalimu. Aliikunja tu, akaenda kumsubiri mlangoni.

Watu wa hapa husimulia kwamba Mwalimu alitoka kichwa juu, na wengine wameanza kumtungia nyimbo za ushujaa, wakiimba kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama pale nje. Alitoka kichwa chini. Mama Subira aliyekuja mbio alimshika mkono, akamuuliza kama wamemuumiza, kama amejuta kusema. Akatikisa kichwa.

"Kusema nimesema," akamwambia. "Lakini pale Bi Zamda alipoulizwa, Mama Subira, nilikuwa namwomba kwa macho aseme hakusikia."